Aliyeshuka Ndiye Aliyekuwa Juu

Mhadhara kwa wakazi wa Busia na Tororo kuhusu unyenyekevu wa Mungu na dhabihu



Niliombwa nizungumze juu ya unyenyekevu wa Mungu, na papo hapo nikaambiwa nisipitishe saa moja. Kwa mwalimu wa theolojia hilo pekee ni zoezi tosha la unyenyekevu. Basi niingie ndani.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wakristo wa Filipi barua ambayo katika sura ya pili imehifadhi maneno ambayo wataalamu wengi huyaona kuwa ya zamani kuliko barua yenyewe, pengine yaliimbwa na waumini kabla Paulo hajashika kalamu. Siyasomi hapa, wengi wenu mnayajua kwa moyo. Yanasimulia kwamba aliyekuwa na hadhi ya Mungu hakuing'ang'ania hadhi hiyo, bali alijimwaga, akaingia katika hali ya mtumwa, akashuka hatua kwa hatua mpaka kufa, na kufa kwenyewe kukawa kwa msalaba. Ndipo Mungu alipomkweza.

Angalieni barua hiyo ilipelekwa wapi. Filipi ilikuwa koloni la Rumi kwenye barabara kuu, Via Egnatia, iliyotoka bahari ya Adria kwenda mashariki. Baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo, askari wastaafu waligawiwa mashamba huko, na vizazi vyao viliringia uraia wa Rumi kuliko Warumi wa Rumi. Vyeo vyao walivichonga kwenye mawe, cheo juu ya cheo, ili mpita njia asome. Ninyi wa Busia na Malaba, mnaoishi kwenye barabara itokayo Mombasa kwenda Kampala na mbele yake Kigali, mnaujua mji wa namna hiyo: mji ambao mtu hupimwa kwa gari aliloshukia na karatasi aliyoshika mkononi.

Na msalaba ulikuwa nini kwa watu hao? Ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Mwaka 71 kabla ya Kristo, uasi wa watumwa wa Spartacus ulipozimwa, watu 6,000 walisulubiwa kwa safu kando ya barabara ya Via Appia. Raia wa Rumi hakuwa mtu wa kusulubiwa, na watu wenye adabu zao hawakulitaja jambo hilo mezani. Sasa huyu Paulo anawaambia wajukuu wa askari kwamba Mungu wao amepita huko huko.

Hoja yangu leo ni moja, na nitairudia mpaka mchoke. Unyenyekevu wa Mungu, kama Wakristo wanavyouungama, ni habari ya aliye juu kushuka kwa hiari yake. Hauna neno la kumwambia aliye chini abaki chini. Tukisahau hilo tutaishia kuwahubiria wanyonge unyonge wao wenyewe, na kwa bahati mbaya ndivyo tulivyofanya kwa muda mrefu, pande zote mbili za mpaka huu.

Nichukue kisa kilichopita nchi hii. Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akiwa na msafara wa wapagazi wapatao 200. Aliamua kukata nchi ya Wamasai badala ya kufuata njia ya zamani ya kusini mwa ziwa. Oktoba akafika Kwa Sundu, ambako ndiko Mumias ya leo. Hapo aliugawa msafara: wengi akawaacha na shemasi wake, William Jones, yeye akaendelea na watu wapatao 50. Kutoka Mumias kwenda Busoga huwezi kuikwepa nchi hii, ingawa siku hizo hapakuwa na Kenya wala Uganda kama tunavyozijua, wala geti la forodha. Huko Busoga alishikwa kwa chifu Luba, na tarehe 29 Oktoba akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliyewaogopa wageni walioingilia mlango wa mashariki.

Kalenda ya Kianglikana humkumbuka Hannington kila tarehe hiyo. Ni sawa akumbukwe. Lakini siku ile waliuawa pia wapagazi, karibu wote aliokwenda nao, na wachache mno waliponyoka wakarudi Kwa Sundu kutoa habari. Watu hao walitoka pwani kubeba mzigo wa mtu mwingine kwa ujira, wakabebeshwa na mauti yake. Nimehudhuria ibada nyingi za kumkumbuka askofu huyo, na sijawahi kusikia hata mpagazi mmoja akitajwa kwa jina. Mifupa ya askofu ilipitia Mumias, ikazikwa kwa heshima Namirembe mwishoni mwa 1892. Ya wapagazi haikuitiwa ibada.

Na huyo Jones, je? Alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa, akasomeshwa India, kisha akaletwa pwani kufanya kazi na wamisionari miongoni mwa watumwa waliokombolewa. Hannington alimpa ushemasi mwaka huo huo wa 1885. Jones alingoja Kwa Sundu wiki baada ya wiki, na hata habari zilipofika alizidi kukawia akitumaini ni uvumi. Mwishowe akawaongoza watu kurudi. Waliingia Rabai Februari 1886 nyuma ya bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja, Ikabodi, jina la mtoto aliyezaliwa siku Waisraeli waliponyang'anywa sanduku la agano. Katika vitabu vingi vinavyomtukuza askofu, Jones anapata aya mbili tatu. Mimi namwona kuwa mtu mzima kuliko wote katika kisa kile: hakufa, alipewa watu wa kuwarudisha makwao, akawarudisha.

Fikirini sura ya pili ya Wafilipi ikisomwa Rabai. Msomaji wa Oxford akikutana na Mungu katika hali ya mtumwa huona fumbo zuri la kuandikia kitabu. Kule Rabai walioketi kanisani walijua mtumwa hukaguliwa meno sokoni. Walijua jinsi jina la mtu linavyobadilishwa, na jinsi mama anavyotenganishwa na mwanawe kabla jua halijatua. Watu hao waliambiwa kwamba hali hiyo hiyo Mungu ameivaa. Sidhani kuna mhadhara, hata huu wangu, uliowahi kuieleza sura ile kuliko walivyoielewa wao kwa kuisikia tu.

Kanisa lenyewe lilipata shida kubwa kulimeza jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya nne, padri mmoja wa Aleksandria aitwaye Ario aliona haiwezekani. Mungu aliye juu kabisa, alisema, hawezi kushuka, hawezi kuchoka, hawezi kuona njaa. Kwa hiyo aliyeshuka lazima awe kiumbe, kiumbe wa kwanza na bora, lakini kiumbe. Watu humcheka Ario, nami nadhani wanamwonea. Alikuwa anamlinda Mungu asidhalilishwe. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulimjibu kwamba aliyeshuka ni Mungu kweli, wala hakutuma mjumbe kwenda kuchafuka kwa niaba yake. Mwaka 451 Mtaguso wa Kalkedonia ukaongeza kwamba ni Mungu kamili na mtu kamili, pasipo kuchanganywa na pasipo kutenganishwa.

Masheikh wetu mlioko hapa mna neno lenu katika jambo hili, na si vizuri nilifunike kwa adabu za mkutano. Qurani, katika Sura An-Nisaa, inakanusha kwamba Isa aliuawa au alisulubiwa. Wengi wa wafasiri wenu wameona humo heshima: Mwenyezi Mungu hamwachi mtume wake aaibishwe na maadui. Hapa tunatofautiana kweli kweli, na chai tutakayokunywa baadaye haitaifuta tofauti hiyo. Ila nataka Wakristo wenzangu waone kwamba pingamizi hilo linatoka katika kumtukuza Mungu, na kwamba imani yetu inadai jambo gumu sana, yaani kwamba utukufu wa Mungu unaonekana pale pale ambapo kila mtu mwenye heshima angegeuza uso.

Vipi kuhusu wazee wetu kabla ya misheni? Wamisionari wengi waliandika kwamba Mwafrika alimjua Mungu wa mbali, aliyeumba akaenda zake. Hapa kwenu maneno hayo hayakai. Jopadhola, kama Profesa Bethwell Ogot alivyoeleza katika utafiti wake, walimjua Were kwa namna mbili: Were Madiodipo, wa uani, aliyelinda boma na kila kilichomo, na Were Othim, wa porini, aliyefuatana na wawindaji, wapiganaji na wasafiri. Upande wa Waluhya nao jina Were, au Wele kwa Wabukusu, ni la Mungu aliyetambikiwa nyumbani. Kwa hiyo Mungu wa karibu, Mungu wa uani, hakuwa mgeni. Mgeni alikuwa Mungu anayeumia.

Hapo ndipo tunaifikia dhabihu, na hapo ndipo mahubiri yetu mengi huteleza.

Katika matambiko tunayoyajua, mtu ndiye hutoa. Mzee huchukua jogoo au mbuzi, hunena maneno, damu humwagika, na uhusiano ulioharibika hurekebishwa. Agano la Kale lina utaratibu wa namna hiyo hiyo, tena mrefu, na manabii walioukosoa vikali. Imani ya Kikristo inaugeuza mwelekeo wake. Mungu ndiye atoaye, na anachotoa ni nafsi yake. Mhubiri anayesimama mimbarani akisema Mungu alikuwa na hasira, akataka damu, akamchukua Mwanawe asiye na kosa akaimaliza hasira yake juu yake, huyo amemtenga Baba na Mwana kana kwamba ni watu wawili wenye nia mbili. Kwa imani ya Nikea na Kalkedonia, aliye msalabani ni Mungu yule yule aliyekosewa.

Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alimaliza mwaka 1098 kitabu kilichouliza kwa nini Mungu alifanyika mtu. Jibu lake lilijengwa juu ya heshima na deni: dhambi imevunja heshima ya Mungu, deni ni kubwa kuliko mwanadamu anavyoweza kulipa, na anayeweza kulilipa ni Mungu, lakini anayepaswa kulilipa ni mtu. Ulikuwa ulimwengu wa mabwana na watwana wao, ndiyo maana hoja yake inanukia baraza la bwana mwenye ardhi. Siitupi. Hata hivyo nadhani watu wa ukanda wetu wana mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Waacholi wana mato oput. Mtu wa ukoo mmoja akimuua mtu wa ukoo mwingine, hata kama walikuwa marafiki, koo hizo mbili huacha kula na kunywa pamoja. Wazee huingilia kati. Ukweli husemwa, ukoo wa muuaji hukubali kosa na kulipa fidia. Kisha siku hufika, wawakilishi wa pande zote mbili huinama juu ya kibuyu kimoja na kunywa dawa chungu iliyotokana na mzizi wa mti uitwao oput. Aliyeua hunywa uchungu, na aliyefiwa hunywa uchungu ule ule, katika chombo kile kile. Baada ya hapo chakula huliwa pamoja.

Nikiwa na kibuyu hicho mbele yangu naiona Kalvari kwa namna ambayo Anselm hakunionyesha. Aliyekosewa ameinama anywe pamoja na aliyekosa. Tena kuna jambo ambalo mato oput haina na msalaba unalo: fidia hapa imelipwa na ukoo wa aliyeuawa. Mzee yeyote wa mila angesema hapana, hiyo si haki, mmeipindua kesi. Ndiyo, imepinduliwa. Ila ukweli haukurukwa. Mato oput haifanyiki kabla ya muuaji kutajwa, na Injili zote nne hazikuficha jina la Pilato.

Sasa twende Februari 1977. Wako hapa wazee wanaokumbuka kuliko mimi, nami nitayasema yale yaliyo wazi.

Mwaka ule Kanisa la Uganda lilikuwa likijiandaa kwa miaka 100 tangu wamisionari wa Kianglikana wafike Buganda. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum huko Namirembe wakidai wanatafuta silaha. Huko Tororo, nyumba ya Yona Okoth, askofu wa Bukedi, nayo ilipekuliwa, na serikali ikadai silaha zimeonekana karibu na kwake. Tarehe 10 maaskofu walimwandikia Idi Amin barua. Walilalamika, kwa maneno yasiyo na mzunguko, kwamba bunduki zilizonunuliwa kumlinda raia sasa zinamwelekea raia, na wakataja upekuzi wa Namirembe na wa Tororo.

Nawaomba muikumbuke barua hiyo kila mtu atakapowaambia kwamba unyenyekevu ni kunyamaza. Luwum alitokana na uamsho wa Balokole, watu walioungama dhambi zao hadharani na kuombana msamaha bila kujali cheo. Alikuwa akienda mwenyewe kwenye ofisi za usalama kuwaombea waliokamatwa. Wapo waliomlaumu kwamba anakaa karibu mno na serikali. Kumbe mtu aliyezoea kuungama makosa yake mbele ya watu ndiye aliyeweza kumtajia rais makosa yake kwa maandishi, tena bila matusi.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini, mawaziri, mabalozi na askari wengi walikusanywa Kampala, kwenye viwanja vya Nile Mansions. Silaha zilipangwa zionekane, maelezo ya njama yakasomwa, na askari wakapaza sauti wakitaka watuhumiwa wauawe. Walipaza kwa Kiswahili, lugha hii hii ninayowahutubia. Msishangae, ninyi wa Busia ya Kenya, mnapoona jirani zenu wa umri fulani wakikitegea sikio Kiswahili kwa mashaka. Walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani.

Watu waliruhusiwa kwenda, Luwum akaambiwa abaki. Kesho yake redio ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Huyo Oboth-Ofumbi alikuwa mtoto wa Padhola, aliyeandika hata kitabu cha historia ya watu wake. Habari ya ajali haikuaminiwa na yeyote. Mwili wa Luwum ulipelekwa Mucwini, kijijini kwao, na waliofungua jeneza waliona matundu ya risasi.

Kule Namirembe kaburi lilikwisha kuchimbwa, kando ya kaburi la Hannington. Halikupata mtu. Jumapili ya tarehe 20 waumini walikusanyika hata hivyo, wakalizunguka shimo lile tupu, na Erica Sabiti, aliyekuwa askofu mkuu kabla ya Luwum, akawakumbusha yale malaika aliyowaambia wanawake kaburini asubuhi ya Pasaka.

Wekeni kando ya picha hiyo nyingine, ya mwaka 1975, wakati Kampala ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Amin amekaa kwenye kiti, na kiti kimebebwa mabegani na wafanyabiashara Waingereza. Watu wengi Afrika walicheka, na sikatai kwamba kicheko kile kilikuwa na utamu wake, maana mabega yetu yalibeba viti vya Waingereza miaka mingi. Lakini kiti kilibaki kiti. Aliyebebwa alibadilika, mpango wa kubebana haukubadilika. Mwaka uliofuata akawa rais wa maisha, na vyeo viliendelea kuongezeka mpaka kuvisoma vyote redioni ikawa kazi. Watu wa Filipi wangemwelewa vizuri sana.

Ndugu zangu, hapa nataka kuwa mwangalifu. Katika sherehe za tarehe 16 Februari, ambayo tangu 2015 ni sikukuu ya taifa Uganda, husikika wanasiasa wakisema Luwum alitolewa dhabihu kwa ajili ya Uganda. Nia ni njema, theolojia ni mbovu. Waraka kwa Waebrania unasisitiza kwamba dhabihu ilitolewa mara moja, ikatosha. Shahidi halipi dhambi ya taifa. Luwum hakutolewa na mtu yeyote mwenye haki ya kumtoa, aliuawa. Kuita mauaji dhabihu ni kumpa muuaji kazi ya kuhani. Na kwa kuwa shahidi si dhabihu, hatulazimiki kumfanya awe hana doa. Oboth-Ofumbi alikuwa waziri wa serikali ile ile kwa miaka, na Oryema vivyo hivyo. Tunaweza kuwalilia bila kuwasafisha.

Okoth je? Alivuka mpaka huu akaingia Kenya, akaishi uhamishoni. Sijui kwa nini mahubiri yetu humwonea haya mtu aliyekimbia. Yosefu alimchukua mtoto na mama yake usiku wakakimbilia Misri, na hakuna Mkristo anayemwita mwoga. Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 Okoth alirudi, na mwaka 1984 akawa askofu mkuu, akikalia kiti cha Luwum kwa miaka kumi na zaidi. Kumfuata Mungu mnyenyekevu kwahitaji wakati mwingine miguu yenye mbio.

Nayasema haya kwa sababu eneo letu limeona dhabihu ikifanywa jinamizi. Machi 2000 huko Kanungu, magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na makaburi mengine ya pamoja yakafukuliwa baadaye. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, serikali ya Kenya ilifukua miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watamfikia Yesu. Tulipoulizwa, sisi wa makanisa makubwa tulijibu upesi kwamba wale si wetu. Lakini misamiati waliitoa wapi? Jitoe. Jikane. Kufa ili uishi. Maneno hayo yamo katika nyimbo zetu sote. Kipimo cha kuyapima nimekwisha kuwapa: nani anashuka? Anayehubiri akibaki juu na anayesikiliza akatumwa kaburini, hapo hapana hata chembe ya ile sura ya Wafilipi.

Kuna sura ndogo ya jambo hilo hilo, isiyotangazwa redioni. Mama anapigwa nyumbani, anakwenda kwa mchungaji, anaambiwa awe mnyenyekevu kama Kristo. Kijana mwenye deni anaambiwa apande mbegu, na namba ya kutuma pesa imeandikwa ukutani, ya Safaricom upande huu na ya Airtel upande ule. Aliye chini anaongezewa kushuka. Tazameni pale mpakani wale ndugu zetu wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Wafanyabiashara huwapa mizigo kwa kuwa maofisa huwalegezea kamba. Magunia ya mchele, mafuta ya kupikia, masanduku ya sabuni hurundikwa nyuma mpaka dereva haonekani ila mikono yake inayozungusha pedali, na vijana wawili wanasukuma. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kizinduliwe rasmi Februari 2018 malori yanapita kwa utaratibu mzuri kuliko zamani, na wao bado wako pembeni mwa barabara wakihesabu sarafu za nchi mbili. Nani kati yenu atamsimamisha mmoja wao amhubirie unyenyekevu? Ukitaka kumhubiri, mhubiri ofisa, mhubiri mwenye magunia, mhubiri askofu mwenye msafara wa magari unaomtimulia vumbi.

Mtaniuliza kama nimewahi kuona mkubwa akishuka kweli. Tarehe 11 Aprili 2019, huko Vatikani, Papa Francis, mzee wa miaka 82 mwenye maumivu ya miguu, alipiga magoti akabusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, Salva Kiir, Riek Machar na wenzao. Alisaidiwa kuinama na kusaidiwa kuinuka, mmoja baada ya mwingine. Wapo wachungaji wa huku waliokasirika kwamba amejishusha hadhi. Je, amani ilikuja? Serikali ya pamoja iliundwa mwaka uliofuata, na damu haikukoma kumwagika. Petro alioshwa miguu na Bwana wake Alhamisi, na kabla ya jogoo kuwika alikuwa amemkana. Kuosha miguu hakumlazimishi aliyeoshwa. Ndiyo hatari aliyoikubali Mungu aliposhuka, na hatuna ruhusa ya kuiondoa hatari hiyo kwa kumpa Mungu rungu la akiba.

Nibakize jambo moja ambalo najua limewakaa rohoni. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwepo siku ile Nile Mansions, alikimbia na mkewe kwa miguu kuvuka milima mpaka Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, kanisani All Souls, akisikiliza tafakuri ya Yesu kuwaombea waliomsulubisha, akahukumika moyoni kwamba lazima amsamehe Amin. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Waganda wengi walichukia. Nami nawaelewa waliochukia. Kivengere alisamehe yaliyomfika yeye, na alikuwa na haki hiyo. Aliyeomba msalabani ndiye aliyepigiliwa misumari. Hakumwambia mtu mwingine aliyepigiliwa aombe. Wajane na mayatima wa Padhola, wa Acholi, wa Lango, na wa ng'ambo hii ya Kenya waliopoteza ndugu zao katika miaka ile, hawakumtuma askofu yeyote kusamehe kwa niaba yao, wala mimi sina cheo cha kuwaagiza.

Muda niliopewa umekwisha. Naona mama mmoja pale safu ya tatu amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Askofu Okoth. Naomba apewe kipaza sauti, na tafadhali mwacheni aseme kwa lugha anayoitaka, tutatafsiriana.